Mwanafunzi Aitwaye Duara Mshikamano

Jumatatu, 4 Novemba

Somo la kwanza linasema mwanafunzi awe na shajara, aandike alichojifunza na kinachomsumbua. Haya, nitaanza na kinachonisumbua, maana hicho ndicho kingi.

Naitwa Mbuke. Nina miaka ishirini na tisa. Naosha dhahabu kwenye mwalo wa Masele hapa Rwamgasa, mwaka wa nane sasa. Mchanga uliosagwa unamwagwa juu ya magunia yaliyotandikwa kwenye ubao, maji yanapita nao, dhahabu inabaki kwenye magunia. Unakung'uta, unatia zebaki, unafinyanga kwa mikono mitupu mpaka ishikane na dhahabu. Mikono hiyo sasa inatetemeka. Mwandiko huu si wa ulevi.

Nesi wa zahanati, dada Agnetha, aliniambia mwezi wa tisa, "Mbuke, achana na zebaki kabla haijakumaliza." Kusema rahisi! Niiache nile nini, mawe?

Ndipo likaja tangazo. Kuna mradi unajenga maabara ya kupima sampuli za madini hapahapa kwetu, wanataka msaidizi mmoja mwenyeji. Awe na kidato cha nne, awe na cheti chochote cha mafunzo ya uchukuaji sampuli. Vyeti mwisho tarehe 17 Januari, usaili tarehe 22. Nililisoma mara nne nikiwa nimesimama kwenye mvua. Kidato cha nne ninacho, kibaya lakini ninacho. Cheti sina.

Binamu yangu Fredy wa Mwanza akanitumia linki: kozi ya wiki nane ya chuo kikuu cha ng'ambo, inasomwa kwenye simu, kwa kasi ya mtu mwenyewe, bure.

Nikampigia. "Bure ya nani?"

"Bure tu, Mbuke."

"Fredy, mimi nimekulia machimboni. Hakuna kitu cha bure, kuna kitu ambacho mwenyewe hajajitokeza."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 5 Novemba

Jana sikumaliza, mvua ilinifukuza. Niseme tulivyojiunga.

Mimi nina kitochi, hakifungui kozi. Simu kubwa ya kupangusa anayo Chacha, Mkurya wa Tarime anayeendesha winchi kwenye duara la jirani, yaani shimo la dhahabu. Kiingereza anacho Stanslaus, alikuwa mwalimu wa kujitolea miaka mitatu, hakuajiriwa, sasa anasukuma toroli la mawe na bado tunamwita Mwalimu. Umeme anao Serafina, Mama Wiliam, muuza chai, mwenye paneli ya sola anayochajia simu za watu. Kwa hiyo tukafanya kama tunavyofanya hapa kitu kikiwa kikubwa kuliko mtu mmoja: tukaanzisha duara. Shimo huwa hivyo. Mmoja ana pampu, mwingine ana nguvu, mwingine analisha watu, na kila mtu ana mgawo wake mawe yakitoka. Mgawo wangu mimi ni wa mvumbuzi, maana mwamba nimeuona mimi, na ni mimi ninayeandika.

Kwenye fomu wakauliza jina la kwanza. Tukatazamana.

"Duara," akasema Chacha.

"Na la ukoo?" nikauliza.

"Mshikamano. Duara lisilo na jina halina baraka."

Tarehe ya kuzaliwa tukaweka juzi, siku tuliyopatana. Mashine ikakataa mtoto mchanga. Tukaweka mwaka wa Mwalimu, ikakubali. Dakika ileile ikaingia barua pepe: *Karibu sana, Duara! Tunafurahi kuwa nawe.* Tulicheka mpaka Mama Wiliam akamwaga maziwa.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Hakuna mtandao.

Jumamosi, 9 Novemba

Mtandao unapatikana sehemu moja tu, juu ya lundo la marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, nyuma ya karasha ya kusagia mawe. Tunapanda saa kumi jioni, kazi zikilegea. Profesa ni mama mwenye nywele nyeupe na sauti ya upole. Anasema neno moja, duara jekundu linazunguka kwenye kioo dakika tatu, anasema la pili. Mwalimu anatafsiri. Sasa Mwalimu naye! Akipewa neno moja anatoa hotuba, anatembea huku na huku juu ya mchanga na fimbo mkononi kana kwamba tumo darasani. Chacha anauliza maswali ya kipumbavu kwa sauti ya winchi. Mama Wiliam anakaa pembeni na chupa yake ya chai, sijui hata kama anasikiliza. Nadhani amekuja kulinda betri yake.

Tumegawana masomo. Kila wiki ina sehemu nne, kila mtu anabeba moja, anakuja kuwamwagia wenzake.

Jumapili, 17 Novemba

*Hongera, Duara! Umemaliza wiki ya pili.* Chacha kamwonyesha kila mtu pale winchi. Sasa wachimbaji wanatuita wanachuo, wanatupigia saluti.

Jumatano, 20 Novemba

Nimedondosha karai mwaloni. Masele kanitukana mbele ya watu. Nimemjibu, na nilivyomjibu sitaandika hapa.

Jumatatu, 25 Novemba

Leo nina hasira mpaka kichwa kinaniuma.

Zoezi la wiki ya tatu lilikuwa kuchukua sampuli ya kweli, kuipiga picha na kueleza. Wanaosahihisha si profesa, ni wanafunzi wenzako waliotapakaa duniani. Sehemu hiyo niliibeba mimi. Nikasema watu wa ng'ambo wanatutazama, siwapelekei takataka. Nikaomba mawe kwenye duara la Chacha, nikachambua asubuhi nzima, nikapata jiwe lenye dhahabu inayoonekana kwa macho. Nikalipiga picha juu ya kitambaa cheupe. Hivi ndivyo tunavyofanya siku zote mnunuzi akija, unamwonyesha lililo zuri. Nani anampokea mgeni na ukoko?

Alama mbili kati ya kumi. Mmoja wa Peru, mmoja wa Ufilipino, mmoja wa Ghana. Huyu wa Ghana, ambaye anaandika kwamba naye anatoka machimboni, ndiye aliyeniuma: "Ndugu Duara, hukuchukua sampuli. Umechagua."

"Wanaona wivu," nikasema.

Mwalimu akaanza kufafanua neno *wakilishi*, dakika kumi, hakuna aliyeelewa. Mama Wiliam akafunika chupa yake. Hakuwahi kusema kitu siku zote hizo.

"Mbuke, ukitaka kujua maharage yangu yameiva, unaonja punje ya juu?"

"Nakoroga kwanza."

"Kwa nini?"

"Si ya chini yanaweza kuwa..."

"Basi wanataka ukoroge. Wanataka kujua sufuria yote, mawe mabaya na mazuri. Jiwe lako moja linasema uongo juu ya shimo zima."

Chacha akapiga makofi. Mimi nikasonya, nikateremka lundo peke yangu. Muuza chai ananifundisha dhahabu! Miaka minane nimeinama kwenye mwalo!

Jumanne, 26 Novemba

Nimerudia zoezi. Tumechota kwenye lundo sehemu ishirini, juu, kati na chini, tukachanganya, tukagawa robo, tukachukua robo mbili za kukabiliana, tukagawa tena. Mama Wiliam ndiye aliyekuwa akigawa. Mkono wake hautikisiki hata kidogo.

Alhamisi, 28 Novemba

Alama tisa. Yule wa Ghana kaandika, "Sasa ndiyo." Nimefurahi, na nimekasirika kwamba nimefurahi.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua siku ya tano. Maduara yamejaa maji, winchi zimelala, karasha zimenyamaza. Chacha hana kazi, kashinda kijiweni kwa Mama Wiliam akisikiliza masomo yote tuliyoyapakua lundoni, hata yasiyo yake. Kumbe si mpumbavu. Anauliza kwa sauti kile ambacho sisi tunaona haya kuuliza. Leo nimemwomba anieleze tena hesabu ya asilimia, kanieleza kwa mafuta ya jenereta, nimeelewa mara moja.

Jumamosi, 7 Desemba

Wiki ya tano: zebaki. Profesa kaonyesha picha ya mikono ya mtu, ikijaribu kuandika jina lake.

Nikaficha yangu chini ya khanga. Nikainua macho, Mama Wiliam alikuwa ananitazama. Akaangalia pembeni.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikulala vizuri. Nataka kazi ile. Naiandika hapa wazi: naitaka kuliko ninavyompenda mtu yeyote kwenye lundo lile. Wao wakikosa watarudi kwenye toroli, winchi na chai. Mimi nitarudi kwenye zebaki.

Ijumaa, 20 Desemba

Duara limepasuka.

Tumemaliza wiki zote nane. Mwalimu akafungua ukurasa wa mtihani tulioupakua lundoni, akaanza kusoma kwa majivuno, kisha sauti ikapungua. Mtahiniwa awe peke yake chumbani. Kamera iwe wazi usoni mwake mwanzo hadi mwisho. Aonyeshe kitambulisho, na jina la kitambulisho liwe sawasawa na jina la akaunti.

"Duara Mshikamano hana kadi ya NIDA," akasema.

"Tubadilishe jina basi," nikasema.

"Linabadilishwa mara moja tu. Ukishaweka, umeweka."

Mvua ilikuwa inanyesha, tumejibana chini ya turubai la kijiwe. Hakuna aliyekunywa chai. Nikajitahidi kusema taratibu kwamba mwamba niliuona mimi, na mvumbuzi ana mgawo wa kwanza, hiyo ndiyo kanuni ya machimbo yote.

"Mwamba uliuona kwa simu ya nani?" Chacha akanikata. "Bila simu yangu mngesomea kwenye kifuniko cha sufuria?"

"Na bila Kiingereza changu," akasema Mwalimu, "mngesikia mlio tu. Tuwe wa kweli, mwenye elimu hapa..."

"Mwenye elimu anasukuma toroli!"

Hilo nililisema mimi. Mwalimu akasimama, midomo inamcheza. Nilitamani kuyarudisha maneno, hayakurudi. Chacha akaichomoa simu yake kwenye chaja, akaiweka mfukoni, akaondoka kwenye mvua. Mama Wiliam akaanza kuosha vikombe.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Pilau kwa mama, Nyarugusu. Mama kaniuliza kwa nini nimekonda. Nimemwambia ni masomo.

Jumatatu, 30 Desemba

Siku kumi bila Chacha. Nimempelekea samaki. Nimemwomba Mwalimu msamaha mbele ya watu wa toroli, kama nilivyomtukana mbele ya watu. Kanijibu kwa Kiingereza, nadhani amenisamehe.

Alhamisi, 2 Januari

Tumekutana asubuhi kijiweni. Tumefanya kama maduara yanavyofanya watu wakigombania mwamba: kura. Vifuniko vinne vya soda kwenye kofia ya Chacha, kimoja kimetiwa mkaa kwa ndani. Tulipatana kwamba atakayekipata jina litakuwa lake, na kazi akiipata yeye, wengine watampongeza kwa mdomo na kwa moyo.

Nilichota wa kwanza. Kitupu. Chacha kitupu, akatukana kwa Kikurya. Mwalimu kitupu.

Mama Wiliam akageuza chake, akatuonyesha kidole chake kilichoingia mkaa. Hakuruka wala hakucheka. Akakaa chini kwenye ndoo.

"Haki ya Mungu," akasema. "Mimi?"

Mimi ndiye ninayejaza fomu, tangu mwanzo. Kanikabidhi kadi yake ya NIDA niipige picha. Chacha kanipa simu. Wote wakaenda kazini. Nikapanda lundo.

Ijumaa, 3 Januari

Jana sikuandika mwisho wake. Nitaandika sasa, hata kama mkono hautaki.

Nilipiga picha kadi yake vizuri. Serafina jina la kwanza, na mengine mawili ambayo sikuwahi kuyajua. Nikafungua ukurasa wa jina. Kisha nikatoa kadi yangu kutoka kwenye sidiria nilikokuwa nimeiweka, sijui kwa nini nilikuwa nimeiweka pale, au najua. Nikaipiga picha. Nikaandika jina langu. Nikabonyeza. Mashine ikauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza tena.

Nikawaambia wote watatu kwamba kadi ya Mama Wiliam imekataliwa. Haisomeki. Mashine ilikuwa inahesabu dakika, nikaona tutapoteza vyote, nikaweka yangu.

Mwalimu kauliza, "Imekataliwaje? Imeandika nini?"

"Imeandika imekataa."

Chacha kaguna. Mama Wiliam alikuwa anamimina chai. Kamaliza kumimina, kaweka birika chini.

"Sawa," akasema.



Jumamosi, 4 Januari

*Habari, Mbuke! Jina lako limebadilishwa.* Nimeifuta kabla Chacha hajaiona, halafu nikakumbuka kwamba haina haja ya kufutwa, wote wanajua jina ni langu. Nimeanza kuwa mjinga.

Jumatatu, 6 Januari

Kijiwe kimefungwa. Mama Wiliam amekwenda Katoro kwa mdogo wake Rebeka, mwalimu wa shule ya msingi. Chacha kaniambia mama huyo anahofia kadi yake. Amesema kama ni mbovu huko, na laini ya simu je? Na bima ya watoto? Anataka mtu aiangalie.

Nimekaa roho juu mchana kutwa. Njia ya mwongo ni fupi, mama alizoea kusema, na hii yangu inaishia Katoro.

Jumanne, 7 Januari

"Shikamoo, Mama Wiliam."

"Marahaba."

"Kadi vipi?"

"Nzima."

"Nzima?"

"Nzima. Sukari unaweka mbili au tatu?"

Nikasema mbili. Nikakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka. Nilingoja aseme. Watu walikuwepo, Chacha alikuwepo, nafasi alikuwa nayo. Kamhudumia mtu mwingine.

Alhamisi, 9 Januari

Hajasema.

Jumamosi, 11 Januari

Kaenda tena Katoro. Nadhani anatafuta wa kunishitaki. Anishitaki basi! Anitukane, anipige kwa mwiko, yaishe! Ninakunywa chai yake kila asubuhi maana nikiacha watu watauliza.

Mwalimu ananifundisha kila jioni ili nifaulu. Anasema, "Mbuke, ukipata wewe tumepata wote." Chacha kanieleza asilimia tena na tena. Wangejua.

Jumanne, 14 Januari

Nimefanya mtihani Katoro, kwenye steshenari. Mwenye duka kanifungia kwenye chumba cha nyuma, kati ya katoni za madaftari. Kamera usoni saa nzima na nusu. Maswali arobaini. Lile la asilimia nilisikia sauti ya Chacha, maneno ya Kiingereza nikasikia ya Mwalimu. Lile la kugawa robo nikasikia ya mtu mwingine.

Mara mbili kidole kilicheza kikagusa jibu lisilo lake, nikasahihisha.

Sabini na mbili. Wanataka sabini.

*Hongera, Mbuke!* Cheti kina mhuri wa rangi ya dhahabu. Nilitegemea nitalia kwa furaha. Niliona njaa tu.

Ijumaa, 17 Januari

Nimewasilisha.

Jumanne, 21 Januari

Mvua. Nimefua gauni la kijani mara mbili, halikauki.

Jumatano, 22 Januari

Geita. Niandike yote, kwa mpangilio, kama kozi inavyotaka.

Tuliitwa mmoja mmoja. Ndani kulikuwa na mwanamke wa makamo, koti jeupe, na vijana wawili wa kuandika. Nikampa shikamoo, akaitikia vizuri. Akauliza sampuli ni nini. Nikasema sampuli si kuchagua, ni kukoroga sufuria yote kwanza. Akatabasamu, akawaambia wale waandike. Moyo ukapanda.

Kisha vitendo. Ndoo ya unga wa mawe. Nikamwaga kwenye turubai, nikachanganya, nikagawa robo, nikagawa tena. Akasema vizuri sana. Akaweka mbele yangu mizani ndogo yenye kibanda cha kioo, kijiko chembamba, na kisahani.

"Nipimie gramu kumi kamili."

Nikashika kijiko. Kikacheza. Nikakishika kwa mikono miwili, kikacheza zaidi. Unga ukaanguka mezani, ukaanguka kwenye kioo. Namba kwenye mizani zikapanda na kushuka, hazikutulia. Nikajaribu tena. Kijana mmoja akaacha kuandika.

Yule mama akaninyang'anya kijiko polepole, akashika mkono wangu, akautazama ulivyokuwa ukitetemeka ndani ya wake.

"Zebaki miaka mingapi, binti yangu?"

"Minane."

"Nenda hospitali ya mkoa wakupime, leo usirudi nyumbani kwanza. Kichwa chako kinaifahamu kazi hii. Lakini mizani ya maabara inataka mkono uliotulia, na humo ndani pia kuna kemikali. Siwezi kukuweka humo, nitakuwa nakumaliza."

Nikasema asante. Nini kingine? Nikatoka.

Kwenye benchi la ukumbini alikuwa amekaa Mama Wiliam. Kitenge kipya, bahasha ya plastiki mapajani. Nilisimama kama mtu aliyepigwa shoti.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimeitwa."

"Kwa cheti gani?"

Akafungua bahasha. Mhuri uleule wa rangi ya dhahabu, na majina yake matatu, na nyuma yake cheti cha kidato cha nne ambacho sikuwahi kujua anacho. Alama tisini na moja.

"Rebeka aliipima kadi yangu kwenye ile kozi, tuone inasema nini," akasema. Hakupandisha sauti. "Ikapokelewa mara ya kwanza. Nikamuuliza sasa nafasi si ilikuwa moja? Akanicheka. Akasema dada, hii si shimo. Ni bure. Kila mtu anafungua yake. Mngeweza kufungua nne siku ya kwanza, kwa simu ileile."

Nilikaa kwenye benchi.

Wiki kumi na moja! Tumegombana, tumetukanana, tumepiga kura, na mimi nimeiba, kwa ajili ya mlango ambao haukuwa na kufuli. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza. Fredy aliniambia bure, mimi nikaenda kutafuta mwenyewe wa hiyo bure, nisipomwona nikamtengeneza.

"Ulijua nimedanganya tangu tarehe sita," nikasema.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasoma. Sikuwa na muda wa ugomvi."

Wakamwita. Akasimama, akanyoosha kitenge. Nikamshika mkono. "Mama Wiliam, nisamehe. Nilikuwa naogopa kufa."

Akautazama mkono wangu, kisha mimi.

"Mikono yako nimeiona tangu Desemba. Ungeniomba lile jina, Mbuke, ningekupa." Akautoa mkono wake. "Nitakusamehe, lakini si leo."

Akaingia. Mkono wake, hata mimi nilijua, hautamwaga hata chembe.

Alhamisi, 23 Januari

Wamenitoa damu na mkojo hospitalini. Majibu wiki mbili.

Jumatatu, 27 Januari

Kapata.

Nimewaambia Chacha na Mwalimu yote, nimesimama juu ya lundo. Chacha kanitukana kwa lugha mbili. Mwalimu akakaa mchangani na fimbo yake. Kisha akauliza polepole, "Yaani hata mimi ningekuwa na changu?" Hapo ndipo nililia.

Jioni Chacha kamfungulia akaunti. Majina yake yote matatu, herufi kubwa. Kisha akajifungulia na yeye.

Jumatano, 29 Januari

Nikiwa mwaloni, karai mkononi, Mama Wiliam kaja kunitafuta. Watu wakaacha kuosha ili wasikilize.

"Nikianza maabara kijiwe hakina mtu," akasema. "Hapa utakufa. Njoo ushike birika."

"Umenisamehe?"

"Sijakusamehe, na uelewe hivyo. Nimesema ushike birika."

Masele akaita, "We Mbuke, mzigo unakungoja!" Nikaweka karai chini, taratibu, lisilie.

Jumatatu, 3 Februari

Siku ya kwanza kijiweni. Vikombe najaza nusu ili nisiwaunguze watu. Chacha kalalamika kwamba nawapunja. Nimemwambia aende Tarime akanywe ya kujaa.

Alhamisi, 6 Februari

Majibu: zebaki iko juu sana, ila daktari kasema nikikaa mbali nayo itashuka, miezi mingi, polepole. Polepole! Mimi na polepole hatujawahi kuelewana.

Jumanne, 11 Februari

Mwalimu yuko wiki ya pili. Anajitafsiria mwenyewe kwa sauti, wateja wanadhani anasali.

Mama Wiliam anapita kila siku saa nne, wakati wa mapumziko, koti jeupe limekunjwa mkononi lisichafuke. Anakaa kwenye ndoo yake. Namimina. Kila siku namuuliza kama ni leo, kila siku anasema hapana, anakunywa, anarudi kazini.

Alhamisi, 13 Februari

Mvua kubwa asubuhi, watu wachache. Alikuja amelowa. Nikamimina nusu, akakisogeza kikombe kwangu.

"Jaza."

Nikashika birika kwa mikono miwili. Ilichukua muda. Mezani ilimwagika kidogo, kwenye kikombe ilifika juu. Hakunisaidia na hakutazama pembeni.

"Leo?" nikauliza.

Akanywa kwanza.

"Bado," akasema.

Jana alikuwa amesema hapana.